Ngamia Mia kwa Kichwa cha Mtu

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Ipo aina ya katuni inayopita simu kwa simu katika mabweni yetu. Dunia imekwisha kuharibika, miji imefunikwa na mchanga, maji ni ya kupigania, na serikali hakuna. Kilichobaki cha sheria ni karatasi iliyobandikwa ukutani: jina, picha na bei. Anatokea mwanamke mwenye bunduki kama kauboi, anaisoma karatasi, anaingia jangwani kumsaka mtu huyo. Akimleta, analipwa. Kama mtu yule ni mkosaji au la, karatasi haisemi.

Dada zetu wanampenda kwa sababu hamngojei mwanamume amwamulie. Kaka zetu wanapenda risasi. Lakini chini ya michoro limelala swali linalotuhusu sisi watu wa fiqhi: je, haki ikiwekewa bei, inabaki kuwa haki?

Tusidhani swali hili limeanzia kwenye katuni. Sira yetu inalo jangwa lake na mwindaji wake. Mtume (s.a.w.) alipotoka Makka kwenda Madina pamoja na Abu Bakr (r.a.), Makureshi walitangaza ngamia mia kwa kila mmoja wao, akiletwa hai au maiti. Suraqa bin Malik alisikia tangazo, akapanda farasi wake na kuwafuata. Alipowakaribia, miguu ya farasi ilididimia mchangani, tena na tena, mpaka akaomba amani. Akaandikiwa hati ya usalama, akarudi nyuma, na kila msakaji aliyekutana naye njiani alimgeuza.

Tazama vizuri, ndugu msomaji. Suraqa hakuwa na ugomvi wowote na Mtume. Hakuuliza kosa lake. Alisikia idadi ya ngamia, ikatosha. Hilo ndilo funzo la kwanza: bei haikuambii nani mwenye hatia. Inakuambia tu nani anatafutwa na mwenye mali.

Je, basi tuseme malipo ya namna hii ni haramu? Hapana. Katika Surat Yusuf, aya ya 72, watu wa mfalme waliahidi shehena ya ngamia kwa atakayeleta kopo lililopotea, na mafakihi wengi wameifanya aya hiyo kuwa tegemeo la mkataba wa ju'ala, yaani ujira unaoahidiwa kwa yeyote atakayetimiza kazi fulani. Mashafii, Wamaliki na Mahanbali wanauruhusu. Mahanafi wameubana zaidi. Lakini wote wanakubali kwamba kazi yenyewe lazima iwe halali. Ju'ala ya kurudisha ng'ombe aliyepotea ni halali. Ju'ala ya kumkamata asiye na kosa ni batili, hata ngamia wakiwa elfu.

Sasa tuje nyumbani. Sisi tunaosoma karibu na Rusizi II, tunaona malori yakivuka kwenda Bukavu, tunajua kwamba mwaka 1994 watu wengi walivuka mto huu, na kwamba miongoni mwa waliokimbia walikuwemo waliopanga na kutekeleza mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Marekani iliahidi hadi dola milioni 5 kwa habari za kuwezesha kukamatwa kwa wakubwa wao, na mmoja wao alikuwa Félicien Kabuga. Picha yake ilisambazwa Kenya. Januari 2003 mwandishi wa habari William Munuhe alikutwa amekufa nyumbani kwake Nairobi, na habari za wakati huo zilisema alikuwa akisaidia mpango wa kumnasa Kabuga. Kabuga mwenyewe alikamatwa tarehe 16 Mei 2020 karibu na Paris, baada ya wachunguzi kufuatilia nyendo za jamaa zake. Kesi yake ilifunguliwa The Hague mwaka 2022, kisha ikasimamishwa mwaka 2023 kwa kuwa afya yake haikumruhusu kushitakiwa.

Hapa bei iliwekwa na anayetaka mahakama, si na Abu Jahl. Kumtafuta mtuhumiwa wa namna hiyo ni kheri. Na mtu kama Munuhe alibeba hatari ambayo wengi wetu tusingeibeba. Anayesema kwamba mtoa habari hastahili chochote ajiulize nani atamlisha yatima wake. Kwa hiyo siwezi kukubaliana na wenzangu wanaosema kila anayelipwa ameuza nafsi.

Lakini kuna upande wa pili. Bei iliwekwa kwa wakubwa wachache. Jirani aliyemuua jirani kilimani hakuwa na picha ukutani. Kama haki ingesubiri dola, wafiwa wengi wa nchi hii wasingeambiwa hata miili ya watu wao ilitupwa wapi. Mahakama za Gacaca, zilizofungwa Juni 2012, zilisikiliza kesi karibu milioni 2, na shahidi aliyesimama kwenye nyasi mbele ya kijiji hakuahidiwa donge. Zilikuwa na kasoro zake, lakini zilisimama juu ya msingi ambao Qur'ani imeuweka katika Surat al-Baqara: shahidi akiitwa asikatae, na asifiche ushahidi. Ushahidi ni deni la mtu kwa Mola wake kabla ya kuwa bidhaa.

Tena tukumbuke jambo zito zaidi. Mwaka 1994 walikuwepo walioonyesha kwa kidole majirani waliojificha, kisha wakagawana mabati, ng'ombe na mashamba yao. Hiyo nayo ilikuwa zawadi ya kutoa habari. Na walikuwepo, Waislamu wakiwemo, waliofunga midomo na kuwaficha watu majumbani mwao. Kidole kinachomwonyesha muuaji na kidole kinachomwonyesha mnyonge ni kidole kile kile. Kinachotofautisha ni nani anayengoja upande wa pili: hakimu au panga.

Ndiyo maana naona anayetaka kutoa habari ajiulize mambo matatu. Nani ameweka bei hii, na anataka nini? Huyu nitakayemtaja atapelekwa mbele ya hakimu atakayemsikiliza? Na kama malipo yangeondolewa leo, bado ningesema? Jibu la swali la tatu likiwa hapana, haki huenda ikapatikana, lakini thawabu yako itazame upya, kwa kuwa Mtume ametufundisha kwamba kila mtu ana kile alichokinuia.

Maswali haya si ya mabilionea tu. Mama anavuka mpakani na kitenge chenye vitu viwili vitatu vya kuuza. Anayemchongea ili apewe pesa ya soda, hali anayaacha magunia ya mkubwa yapite, ameshaingia katika katuni ile.

Na kwa dada zangu: kama mnatafuta mwanamke shujaa wa jangwani, mnaye Asmaa bint Abi Bakr (r.a.). Alipeleka chakula kwa waliokuwa wakitafutwa, akapasua mshipi wake kufungia masurufu. Abu Jahl alipomjia kumuuliza baba yake yuko wapi, alisema hajui, akapigwa kofi mpaka hereni ikamdondoka. Ngamia mia walikuwa sokoni siku ile, na neno moja lake lingewapata. Naye hakungoja mwanamume amwamulie.

Allah (s.w.t.) atujaalie ndimi zinazosema kweli bila kununuliwa, na zinazonyamaza bila kuogopa pale kusema ni dhulma. Wallahu a'lam.