Kula Kiapo na Kulishwa Kiapo

Kwa Kiswahili mtu hula kiapo, na pia anaweza kulishwa kiapo. Anayekula ametia nia. Anayelishwa amefumbuliwa kinywa. Katika shule nyingi za sekondari za Marekani siku huanza kwa wanafunzi kusimama, mkono wa kulia kifuani, macho kwenye bendera iliyo karibu na ubao, wakatamka maneno 31 ya kiapo cha utii. Ni jambo la sekunde chache, na wako wanaolifanya huku wakipiga miayo. Je, shule inaweza kumtia kijana uaminifu kwa nchi yake kwa kumtamkisha? Nasema haiwezi. Na mwalimu wa uraia asiyewaambia wanafunzi wake kwamba wana haki ya kubaki wameketi amewapa nusu ya somo.

Kiapo hicho kilitungwa mwaka 1892 na Francis Bellamy, mchungaji wa Kibaptisti, ingawa jina la Mungu liliingizwa na Bunge mwaka 1954 tu. Kwa hiyo Lillian na William Gobitas, watoto wa Mashahidi wa Yehova waliofukuzwa shule huko Minersville, Pennsylvania, mwaka 1935, hawakuwa wamekataa sala. Walikataa kuisalimu bendera kwa kuwa waliona ni kusujudia sanamu, jambo lililokatazwa katika kitabu cha Kutoka. Mwaka 1940 Mahakama ya Juu iliwaangusha kwa majaji 8 dhidi ya 1. Katika wiki zilizofuata Mashahidi walipigwa sehemu mbalimbali za nchi, na huko Kennebunk, Maine, ukumbi wao wa ibada ukachomwa moto. Kisha likatokea jambo ambalo mahakama hulifanya kwa nadra. Tarehe 14 Juni 1943, Siku ya Bendera yenyewe, vita vikiwa vimepamba moto, majaji 6 dhidi ya 3 waliifuta hukumu hiyo katika kesi ya Barnette kutoka West Virginia. Watatu kati ya hao sita, Black, Douglas na Murphy, walikuwa upande wa pili mwaka 1940. Jaji Robert Jackson, aliyeandika hukumu, alishikilia kwamba hakuna ofisa, mkubwa kwa mdogo, mwenye mamlaka ya kuamua imani iliyo sahihi na kuwalazimisha watu waikiri.

Jaji Felix Frankfurter alipinga, na hoja yake si ya kupuuzwa. Myahudi aliyezaliwa Vienna na kufika New York akiwa bado mtoto, aliijua kazi ya shule ya umma katika kuwaunganisha watoto wa mataifa mbalimbali. Kwake, taifa lisilo na alama za pamoja halina usalama, na mahakama haina kazi ya kuwaamulia wanaoendesha shule. Lakini naona maisha yake yanamgeuka: kilichomfunga kwa nchi ile ni darasa lililomfungulia mlango, na hilo halikuhitaji kumfukuza mtoto yeyote.

Wengine watasema kijana wa miaka 16 atabaki ameketi kwa uvivu, kisha asingizie dhamiri. Wapo, bila shaka. Ila mvivu yupo pia miongoni mwa waliosimama, na palipo na lazima mwalimu hana njia ya kumtambua. Kusimama huanza kusema kitu pale tu kuketi kunaporuhusiwa. Isitoshe, kijana huyo atapiga kura baada ya miaka miwili; kama hajawahi kupima mwenyewe kwa nini anasimama, atapima nini mbele ya sanduku la kura? Swali hili halikuishia Marekani: mwaka 2013 Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliwapa haki wanafunzi Mashahidi wa Yehova walioadhibiwa kwa kutoimba wimbo wa taifa.

Mwaka 2015 Arizona ilikuwa jimbo la kwanza kuwataka wanafunzi wa sekondari wafaulu maswali yaleyale 100 yaliyoandaliwa kwa wahamiaji wanaoomba uraia. Moja linauliza: tunapotamka kiapo, tunaonyesha utii kwa nini? Anayejibu bendera amepata, anayejibu Marekani naye amepata. Mwalimu anayeishia kwenye jibu hilo hajafika bado kwa watoto wa Minersville, nao waliijua bendera ile vizuri kuliko wengi walioisalimu.