Haya Haifungi Mlango wa Halali

Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kwamba haya ni katika imani, wala hakuna Mwislamu wa kulipinga hilo. Lakini miongoni mwetu mna watu wa makamo, wajane na waliotalikiana, ambao haya yao imewageukia kuwa kifungo. Mwanamume hutoka msikitini baada ya Isha, akarejea kwenye nyumba isiyo na wa kumwitikia salamu. Moyoni amempenda mjane fulani kwa tabia yake njema, lakini huchelea kutamka asije akaambiwa, "Mzee huyu naye!" Na yule mjane, huenda naye yumo katika hali iyo hiyo, huwaogopa wanawe mwenyewe.

Je, haya hii ndiyo iliyosifiwa? Hasha. Haya ya dini humzuia mtu na maovu, haimzuii na halali. Tazameni Sura ya Al-Qasas. Binti wa yule mzee wa Madyan alimwendea Nabii Musa (a.s.) akitembea kwa haya, na Qur'ani yenyewe imeitaja haya hiyo. Kisha mmoja katika mabinti hao akamshauri baba yake amwajiri Musa, akizisifu nguvu zake na uaminifu wake. Baba akafahamu, naye akataka kumwoza Musa mmoja wa binti zake. Basi haya na kusema havikugombana.

Bibi Khadija (r.a.) alikuwa mjane, na kwa kauli iliyo mashuhuri umri wake ulikuwa miaka 40. Alimtuma Nafisa bint Munya kulifungua neno. Na alipokwisha kufariki yeye, Khawla bint Hakim ndiye aliyemwendea Mtume akamtajia Sawda bint Zam'a, mjane mtu mzima. Hata katika nyumba ya Mtume, basi, mshenga alikuwa na kazi yake.

Hapa ndipo penye lawama yetu. Katika Sura ya An-Nur, aya ya 32, amri ya kuwaoza wasio na wenzi haikuelekezwa kwao. Imeelekezwa kwetu sisi jamaa na majirani. Nasi tumeitendaje? Twapiga mbio kuwaoza vijana, tukatawanya mali kwa ngoma na karamu, na mwenye miaka 50 tukamwachia mzaha. Wako watoto wamzuiao mama yao asiolewe, ati kwa heshima ya marehemu, na ukichunguza utakuta wanachelea nyumba na mirathi. Ilhali eda ya mjane asiye na mimba ni miezi 4 na siku 10; haikuwekwa kuwa ya maisha.

Mwenye haya tusimtake awe na macho makavu. Tumsemee. Neno moja la jirani mwaminifu, kwa idhini yake, huweza kuondoa upweke wa miaka mingi. Na posa ikikataliwa, siri isitoke. Na mwenye kuicheka ndoa ya mtu mzima na atazame vyema anachokicheka, asije akawa anaicheka Sunna.

Wabillahi tawfiq.