Kimya na Wajibu wa Msomaji: Suala la Riwaya ya Picha Isiyo na Maneno

Fasihi imezoea kufasiliwa kuwa sanaa itumiayo lugha. Kwa mujibu wa fasili hiyo, kazi kama The Arrival (2006) ya Shaun Tan wa Australia, isimuliayo safari ya mhamiaji kwa michoro mitupu, haina nafasi katika uwanja huu. Hata hivyo, nyuma ya suala la mipaka ya utanzu limo suala zito zaidi la maadili: je, msanii anyamazapo humpa msomaji uhuru, au hukwepa wajibu wake wa kusema?

Wasomaji wa Nagona (1990) na Mzingile (1991) za Euphrase Kezilahabi wameshaizoea njozi. Lakini huko, asiyejua Kiswahili hubaki nje. Katika kazi ya Tan, mhusika mkuu huingia katika mji wenye viumbe vya ajabu na hati iliyobuniwa na mchoraji. Anapopata kazi ya kubandika matangazo, huyabandika juu chini. Msomaji naye, hata awe profesa, hawezi kuisoma hati hiyo. Njozi imewasawazisha wote katika kutojua.

Usawa huo una uzito wa pekee ukitazamwa kutoka mashamba ya majani chai ya Kericho na Bomet. Huko Wakipsigis wamefanya kazi pamoja na Waluo, Wakisii na Waluhya, Kiswahili kikiwaunganisha. Lakini katika ghasia za 1992, na zile zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, kabila la mtu lilitosha kumfanya aitwe mgeni, na wengi walifukuzwa. Mahali kama hapo, hadithi isiyomuuliza mtu lugha ya mamaye kabla ya kumkaribisha si jambo dogo.

Pamoja na hayo, vimya havifanani. Mchumaji majani chai atabasamuye katika matangazo ya biashara naye hasemi neno. Kimya chake kimeamuliwa na wengine, na ujira wake hauulizwi. Aidha, mwaka 1934 serikali ya kikoloni iliupitishia ukoo wa Talai sheria ya kuuhamisha kwa nguvu kutoka nchi ya Wakipsigis hadi Gwassi. Mchoro waweza kuonyesha watu njiani na mizigo yao. Peke yake, hauwezi kumtaja aliyetoa amri, wala sheria aliyoitumia, wala mwaka. Adaiye haki huhitaji majina na tarehe.

Yafuata basi kwamba riwaya ya aina hii haifai kutwishwa kazi ya shahidi. Inachoweza ni kumfunza msomaji kumtazama mwingine kwa subira kabla ya kumpachika jina. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Katika riwaya hii, mshindo huo umeachiwa msomaji. Akishaona, kazi ya kusema inabaki kuwa yake.