Barua ya Kuachishwa Kazi: Je, Huruma Yaweza Kusema Uongo?

Mzee mmoja wa usharika, mwenye kinu cha kukamua mafuta ya alizeti, alitujia jioni moja na swali ambalo hatukuweza kulijibu papo hapo. Karani wake wa hesabu, kijana mwenye cheti cha uhasibu, alikuwa ameacha kazi kwa hiari yake, akitumaini kupata iliyo bora mjini. Kazi ile haikupatikana. Mwezi ulipokwisha akarudi kwa mzee, si kuomba kazi, maana nafasi yake ilikuwa imekwisha kupewa mwingine, bali kuomba barua. "Mzee wangu," alisema, "andika tu ya kuwa ulinipunguza. Wewe hutapungukiwa hata senti moja, na watoto wangu watakula." Naye mzee akatuuliza: "Mchungaji, nikiandika, nimekosa? Na nikikataa, je, sitakuwa nimewanyima watoto chakula kwa ajili ya neno moja?"

Ili swali lieleweke, yatupasa kueleza kwanza jinsi fedha hizi zinavyodaiwa. Hapa Tanzania mfanyakazi wa mwajiri binafsi huchangiwa katika Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, yaani NSSF, kwa kiasi cha asilimia 20 ya mshahara, na sehemu inayokatwa kwa mfanyakazi mwenyewe haizidi nusu yake. Mwaka 2018 sheria za mifuko zilibadilishwa, likawekwa fao la kukosa ajira. Mtu mwenye taaluma aliyechangia miezi isiyopungua 18, ambaye hajafikisha miaka 55, akipoteza kazi wala hajapata nyingine, hulipwa theluthi moja ya mshahara wake wa mwezi kwa muda wa miezi 6. Wasio na taaluma wana kanuni zao. Mwenye kudai hujaza fomu, akaipeleka ofisi ya Mfuko pamoja na kitambulisho chake na barua ya mwajiri inayoonyesha jinsi kazi ilivyokwisha. Na sharti moja lasimama juu ya karatasi hizo zote: asiwe ameiacha kazi kwa hiari yake.

Sharti hili si geni duniani. Uingereza ilipotunga sheria yake ya bima mwaka 1911, fundi aliyekosa kazi aliwekewa shilingi 7 kwa juma, kwa majuma yasiyozidi 15 katika mwaka. Lakini aliyeiacha kazi mwenyewe pasipo sababu ya haki alinyimwa kwa majuma 6. Sababu yake yaonekana wazi. Fedha hizi si sadaka, wala si akiba ya mtu mmoja aliyoifukia chini ya kitanda. Ni chungu kimoja kilichojazwa na wengi, ili apakuliwe yule aliyepatwa na msiba asioutaka. Anayekubali kuchangia, akubali pia kwamba kila apakuaye aseme kweli kuhusu njaa yake.

Mzee wetu hakukosa hoja. Alitukumbusha kwamba katika Katekisimo tumefundishwa amri ya nane si kukataza uongo tu, bali pia kumtetea jirani na kuyaeleza mambo yake kwa wema. "Basi," akasema, "si wema huo nilioombwa?" Hoja hii yagusa moyo, lakini yamsahau mtu. Jirani ni nani hapa? Karani ni jirani. Na yule mama mfungaji wa maboksi kiwandani, anayekatwa mshahara wake kila mwezi, naye ni jirani, ingawa hayupo barazani tunapozungumza. Tena kila barua ya uongo inayogunduliwa humfanya mtumishi wa Mfuko azidi kuishuku barua ya kweli. Mtu aliyeachishwa kweli huambiwa arudi kesho, na kesho kutwa, alete karatasi hii na ile. Ndivyo mwongo alivyo mpole kwa rafiki yake, na mkali kwa mtu asiyemjua.

Tena tuone upande wa pili. Wako waajiri wanaomfukuza mtu, kisha humwekea mbele karatasi isemayo kwamba ameacha kazi kwa hiari, na kumwambia, "Tia sahihi, ndipo upate mshahara wako wa mwisho." Kwa mstari mmoja mtu huyo amenyang'anywa haki ya miezi 6. Sote twaukasirikia uovu huo. Lakini tukisema kwamba barua yaweza kuandikwa kinyume cha kweli kwa huruma, tutamzuiaje yule anayeiandika kinyume cha kweli kwa choyo? Kinachomlinda mnyonge ni kwamba barua imaanishe kile inachosema.

Kwa hiyo twawasihi ndugu walio kazini: msitie sahihi maneno ambayo si kweli. Mtu akiandika kwamba ameacha kwa sababu mwajiri ameifanya kazi isivumilike, sheria ya ajira ya mwaka 2004 yamhesabu kuwa ameachishwa. Naye aliyeachishwa isivyo haki aweza kupeleka shauri lake mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, asipitishe siku 30. Nanyi mlio na watumishi, kumbukeni kwamba kuukata mchango na kutoupeleka Mfukoni ni uongo wa namna ileile, ila huu hauhitaji wino.

Je, tulimjibu mzee nini? Tulimwambia kwamba huruma isiyomgharimu mwenye kuitoa, bali humgharimu mtu asiyekuwapo, si huruma yake. Ni mkono wake katika mfuko wa mwingine. Hakuiandika barua ile. Aliandika nyingine, ya kweli, iliyoeleza miaka ya utumishi wa karani na uaminifu wake katika hesabu, ili imsaidie atafutapo kazi. Kisha akatoa magunia mawili ya mahindi katika ghala lake mwenyewe. Karani aliyapokea, lakini kwa uchungu, na hata leo salamu zake kwa mzee ni fupi. Hatutasema kwamba jambo hili lilikuwa jepesi. Magunia mawili si sawa na theluthi ya mshahara kwa miezi 6, na mzee alijua hivyo alipoyapakia.

Basi, ndugu, mtu akikujia kuomba neno lako, kwanza uulize ni nani atakayelilipia. Ukiona ni wewe, toa kwa moyo mweupe. Ukiona ni mwingine, mwambie rafiki yako kweli, kisha ukafungue ghala lako.