Vita vya Mesha na swali la ghadhabu

Moabu ilikuwa mashariki ya Bahari ya Chumvi, na Biblia inawahesabu Wamoabu kuwa ndugu wa Israeli kupitia Lutu. Undugu huo haukuzuia vita. Egloni, mfalme wa Moabu, aliwatawala Waisraeli. Daudi akawatoza Wamoabu kodi. Na Ahabu, mfalme wa Israeli, alipokufa, Mfalme Mesha wa Moabu, aliyekuwa akitozwa wana-kondoo 100,000, akaasi.

Safari hii, jambo lisilo la kawaida, pande zote mbili zimeacha maandishi. Jiwe la Mesha, lililopatikana Dhiban mwaka 1868, linasema Omri, mfalme wa Israeli, aliionea Moabu kwa sababu mungu Kemoshi aliikasirikia nchi yake, kisha Kemoshi huyohuyo akaleta ushindi. Jina la mungu likibadilishwa, hoja ni ileile ya kitabu cha Waamuzi.

Sura ya 3 ya 2 Wafalme, inayosimulia vita hivyo kwa upande wa Israeli, ni ngumu zaidi. Mesha, akiwa amezingirwa, anamtoa mwanawe mrithi sadaka ya kuteketezwa juu ya ukuta. Ghadhabu kuu inawajia Waisraeli, nao wanarudi kwao. Ghadhabu ya nani? Mwandishi hasemi. Wafafanuzi wanaodai ni hasira ya Wamoabu tu wanalipunguzia andiko makali yake, kwani nabii Elisha alikwisha kuahidi ushindi, lakini vita viliishia nje ya kuta za Kir-haresethi.