Rafiki wa Safari na Siri Zake

Kwetu Kigoma mtu mwenye mapumziko ya siku mbili tatu hawezi kwenda Dar es Salaam, maana reli yenyewe ni zaidi ya kilometa 1,200. Mji mkubwa ulio karibu nasi ni Bujumbura, kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa. Marafiki wawili hupatana, huvuka mpaka pale Manyovu, hulala huko siku mbili, hurudi. Hakuna ubaya. Lakini twauliza: wakisharudi, yule aliyeyaona ya mwenzake ana wajibu gani, na kwa nani?

Plato, katika kitabu chake Jamhuri, asimulia habari za mchungaji wa Lidia aliyepata pete. Akikigeuza kito chake ndani, haonekani tena. Akamharibu mke wa mfalme, akamwua mfalme, akautwaa ufalme. Ndipo huulizwa: ni nani angeivaa pete ile akabaki mwenye haki? Sisi twaona mji wa ugenini ni pete ya namna hiyo. Ujiji ukinunua samaki, jioni jirani ajua ni migebuka mingapi. Bujumbura hakuna ajuaye kwamba wewe ni mzee wa kanisa. (Kweli, Kiha na Kirundi ni ndugu, na mtaa wa Buyenzi wasema Kiswahili, lakini kusikilizana si kujulikana.) Akuonaye ni mmoja tu, rafiki yako.

Kusini kidogo ya mji ule, mahali paitwapo Mugere, liko jiwe lenye majina ya Livingstone na Stanley na tarehe 25 Novemba 1871. Wengine hudhani hapo ndipo walipokutana. Sivyo, walikutana kwetu Ujiji, kisha wakaenda kaskazini kwa mtumbwi, wakalala Mugere siku mbili. Tukiihesabu kalenda, tarehe ile ilikuwa Jumamosi. Mwaka 1872 Stanley alitoa kitabu, akashuhudia kwamba katika miezi minne na zaidi hakuona kosa kwa mzee yule, na kwamba kila Jumapili aliwasomea watu wake sala. Wako wanaoona kwamba alimsifu kupita kiasi. Hata hivyo dunia ilimsadiki, kwa sababu msemaji alilala naye hema moja.

Basi tuseme mama mmoja mfanya biashara amempa mumewe fedha za kununua vitenge. Mume amezinywa mjini, naye arudi na kusema wameibiwa njiani. Mama amwendea yule rafiki: "Shemeji, ni kweli mliibiwa?" Amwuliza yeye, maana ndiye aliyelala chumba kimoja naye.

Wako wasemao rafiki wa kweli hufunika. Siri ya mtungi muulize kata, na kata haisemi ovyo. Twakubali, kwa mambo yaliyo ya rafiki peke yake. Kama alipotea mitaani, au aliuziwa viatu vya mguu mmoja, nyamaza; kumchekesha mtu barazani kwa aibu ya mwenzako ni uchongezi. Lakini fedha zile ni za mama. Siri yenye mali ya mtu mwingine ndani yake si ya watu wawili tena.

Wala rafiki asikimbilie kusema. Mathayo 18:15 yatuagiza kuanza na mkosaji mwenyewe, faraghani, yaani usiku ule ule katika nyumba ya wageni, na tena njiani: "Ndugu yangu, nikiulizwa sitadanganya. Kaseme mwenyewe kwanza." Asiposema, je? Wengi hujibu, "Shemeji, muulize mumeo," nao hujiona wana hekima. Sisi twaona jibu hilo limemwacha mama na mashaka, apigane peke yake. Afadhali aambiwe, "Hatukuibiwa. Mengine atakueleza mwenyewe," na mume aarifiwe siku hiyo hiyo kwamba limesemwa, na nani amelisema.

Huenda urafiki ukafa hapo, na watoto wa nyumba hizo mbili wakakatazwa kucheza pamoja. Hatusemi kwamba gharama hiyo ni ndogo. Lakini yule mama alizikopa fedha zile sokoni, na wenye fedha wanakuja Jumatatu.