Kodi na Akiba ya Mtu wa Nchi Mbili

Liko swali ambalo zamani liliwahusu watu wachache, na sasa lawahusu wengi: mtu anayeishi katika nchi mbili amlipe kodi nani, tena nani atamtunza akizeeka?

Hapa Kisangani twawajua watu wa namna hiyo. Mmoja ana nyumba ya kupangisha Mangobo, lakini kazi yake iko Kampala. Mwingine hupita Beni na Kasindi kila miezi michache kwenda kununua vitu Uganda, na siku zake za huko zimekuwa nyingi kuliko siku zake za hapa. Wa tatu alikimbia mwezi Juni 2000, majeshi ya Rwanda na ya Uganda yalipopigana siku sita ndani ya mji wetu. Akapata kazi katika nchi ya hao hao waliopigana juu ya kichwa chake, na mpaka leo yuko huko. Watu hao si wavivu wala si wahuni. Lakini ukimwuliza mmoja wao habari za kodi, huenda akajibu hivi: “Kule mimi ni mgeni, na huku mimi sipo.” Jibu hilo latuchekesha kidogo, kisha latutia mashaka.

Bwana wetu alipoulizwa juu ya kodi alitaka aonyeshwe sarafu, akauliza ina sura ya nani. Mtu wetu akitia mkono mfukoni atatoa franka za Kongo, shilingi za Uganda, na labda dola chache za Marekani, zilizokunjwa vizuri kupita zote. Afuate sura ipi? Hakika si ya Wamarekani. Basi yatupasa kuuliza zaidi: fedha hizo zilipatikana wapi, na ni nani aliyeilinda na kuitengeneza mahali hapo hata mtu aweze kufanya kazi yake? Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1965, katika hati yake juu ya Kanisa katika ulimwengu wa leo, uliwakemea wale wanaozikwepa kodi za haki kwa hila na udanganyifu. Tuangalie neno hilo: kodi za haki.

Maana katika nchi yetu neno kodi lilizaliwa gonjwa. Siku za Mfalme Leopold wa Pili watu walidaiwa mpira wa msituni, na madai hayo yaliitwa kodi. Amri ya mwaka 1903 ilisema mtu afanye kazi saa 40 kila mwezi; wakusanya mpira walikaa msituni siku nyingi kuliko hizo. Wazee waliiita serikali Bula Matari, mvunja mawe, na mtoto aliyelelewa na wazee hao hakufundishwa kuipenda. Hata leo, mwenye baiskeli ya toleka akisimamishwa njiani na kudaiwa franka bila karatasi yoyote, hatuwezi kumwambia kwamba amelipa kodi. Amenyang'anywa. Ila kunyang'anywa huko hakumwondolei mtu deni lake la kweli, na hapa ndipo wengi wetu tunapojidanganya: twahesabu yale tuliyoporwa, twasema, “Nimekwisha kulipa.”

Sheria zenyewe zasemaje? Uganda humhesabu mtu kuwa mkazi, kwa habari ya kodi ya mapato, akiwa na makao yake ya kudumu huko, au akikaa huko siku 183 katika miezi kumi na miwili, au akifika huko miaka mitatu mfululizo kwa wastani wa siku zaidi ya 122 kila mwaka. Hawaulizi alibatizwa wapi wala ana pasipoti ya rangi gani. Akiisha kuwa mkazi, mapato yake yote huhesabiwa, hata kodi ya nyumba anayoipata Mangobo. Lakini sheria hiyo hiyo humpunguzia kwa kadiri ya kodi aliyokwisha kuilipa katika nchi nyingine juu ya mapato hayo. Kwa upande wetu, Katiba ya mwaka 2006 yaiweka kodi ya mapato ya nyumba za kupangisha kati ya kodi za majimbo. Ndiyo kusema fedha hiyo yadaiwa na Tshopo, jimbo changa lililozaliwa mwaka 2015 Jimbo la Mashariki lilipogawanywa.

Basi njia ya haki haijifichi sana. Mshahara wa Kampala una deni Kampala, na nyumba ya Mangobo ina deni Kisangani, na stakabadhi ya Kisangani ndiyo inayomkinga mtu asitozwe mara mbili. Mataifa matano ya Jumuiya ya Afrika ya Mashariki yalitia sahihi mwaka 2010 mapatano ya kuzuia kodi maradufu, lakini Kongo haikuwamo bado. Iliingia katika Jumuiya mwaka 2022. Kwa hiyo karatasi ile ndogo ina kazi kubwa. Asiyelipa popote hana karatasi yoyote, wala hana nguvu ya kudai haki siku anapotozwa kupita kiasi.

Lakini tutazame nani anaumia. Yule asemaye “huku mimi sipo” hakulifuta deni, amelihamisha tu. Mama auzaye samaki sokoni hana mpaka wa kujificha nyuma yake; mtoza ushuru wa soko humjua kwa sura na kwa meza. Mwalimu naye hukatwa kabla hajaushika mshahara. Wao ndio wanaobeba sehemu ya yule aliyeko Kampala, naye nyumba yake yasimama kando ya barabara ile ile.

Sasa tuje kwenye uzee, maana hapo mambo yageuka: yule aliyeweza kujificha mara mbili aweza pia kupotea mara mbili.

Katika Kongo malipo ya uzeeni ya wafanyakazi yako mikononi mwa CNSS, ambayo zamani iliitwa INSS, iliyoanzishwa mwaka 1961. Mfanyakazi hukatwa 5 kwa mia ya mshahara wake, na bwana wa kazi huongeza 5 kwa mia kwa ajili ya pensheni. Kwa sheria ya mwaka 2016, mtu akifika miaka 60 na akiwa na miezi 180 ya kulipiwa, hupata malipo kila mwezi. Asipoitimiza hiyo miezi, hupewa fungu la mara moja. Uganda wana NSSF: mfanyakazi 5 kwa mia, bwana wa kazi 10 kwa mia, na mtu akifika miaka 55 huchukua akiba yake pamoja na faida. Anayeihama nchi moja kwa moja aweza kuichukua kabla ya hapo. Tangu mwaka 2022, mwenye miaka 45 aliyeweka akiba miaka kumi aweza kutoa hadi 20 kwa mia.

Tuseme mtu alifanya kazi Kisangani miaka 10, kisha Kampala miaka 14. Mshahara wake umekatwa miaka 24. Akirudi Kisangani na mvi zake, huhesabiwa miezi 120, naye alitakiwa kuwa na 180. Ile miaka 14 haiingii katika hesabu. Lau angalifanya kazi Kigali au Bujumbura, kuna mapatano ya mwaka 1978 ya nchi za Maziwa Makuu, yaani Kongo (Zaire wakati ule), Rwanda na Burundi, ya kujumlisha miaka ya huku na ya huko. Uganda haikuwamo. Jasho ni lile lile, ila mto alioogea ni mwingine. Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya, iliyoanza mwaka 2010, yampa mfanyakazi anayevuka mpaka haki ya hifadhi hiyo, na yaliachia Baraza la Mawaziri kazi ya kutoa kanuni zake. Wabunge wetu waulizwe juu ya kanuni hizo, maana tunawasikia wakizungumza sana juu ya biashara na majeshi.

Wala mtu asituambie kwamba pensheni haiwezi kuvuka mpaka. Tarehe 16 Juni 1960, wiki mbili kabla ya Uhuru wetu, Ubelgiji ilitunga sheria ya kuweka chini ya dhamana yake malipo ya makarani wa Kongo ya Wabelgiji, na hao hasa walikuwa Wazungu. Karani aliyerudi kwao kutoka Stanleyville aliikuta pensheni yake inamngojea. Serikali ikitaka, yawezekana.

Yuko atakayesema: “Akiba yangu ni watoto wangu.” Neno hilo ni la kale, tena lina heshima, na ole wake mtoto anayemwacha baba yake. Lakini Mtakatifu Papa Yohane XXIII, katika waraka wake juu ya amani wa mwaka 1963, aliutaja usalama wa uzeeni kati ya haki za binadamu, na haki ya mtu haingojei bahati ya watoto wake. Tena, mzazi aliyekuwa na uwezo wa kuweka kidogo akala chote, amewatoza watoto wake kodi. Itakusanywa siku binti atakapoacha kumlipia mwanawe shule ili amnunulie babu dawa. Deni lile lile la barabara, tumelikuta tena nyumbani.

Hata hivyo hatuwalaumu wenye shaka. Mwaka 1993 zaire 3,000,000 za zamani zilibadilishwa kuwa zaire mpya 1; mwaka 1998 zaire mpya 100,000 zikawa franka 1. Piga hesabu: zaire 300,000,000,000 kwa franka moja. Mfanyakazi aliyekatwa kwa uaminifu tangu ujana wake alikuta uzee wake haununui kikapu cha muhogo. Akimwambia mwanawe ajenge nyumba kuliko kuamini ofisi, si mpumbavu. Nyumba nayo ni akiba, ikiwa ina hati. Na likelemba ni nzuri kwa ada za shule na mabati, ila haiwezi kungoja miaka ishirini.

Fungu la mara moja lina hatari yake pia. Mtu arudi kutoka Kampala na fedha ya miaka 14 mkononi; kabla hajafungua sanduku, habari zimekwisha kufika Lubunga ng'ambo ya mto. Yuko wa mahari, yuko wa kilio, yuko wa pikipiki. Wote ni ndugu, na wengine shida zao ni za kweli. Twaona ni halali kabisa mzee aseme: sehemu hii ni ya mkate wangu mpaka nife, na hii ndogo ndiyo ya kugawa. Kukataa huko si uchoyo; akiisha kugawa yote, ni hao hao watakaochoka kumlisha.

Juu ya bwana wa kazi anayemkata mfanyakazi kila mwezi na asiifikishe fedha kwenye mfuko, hatuna maneno mengi. Ni mwizi, na aliyeibiwa ni mzee ambaye bado hajazeeka, asiyeweza kulia leo. Mfanyakazi aulizie hesabu yake kila mwaka, Kampala na Kisangani, angali ana nguvu za kusimama kwenye mstari.

Na jambo moja mara nyingi husahauliwa. Mume akifia ng'ambo, mjane aliye hapa Makiso au Kabondo aweza kuwa na haki katika akiba ile, lakini hajui namba yake, hajui jina la kampuni, wala hana cheti cha ndoa cha serikali. Ana kile cha parokia tu. Namba za mifuko yote miwili ziandikwe mara mbili, karatasi moja ikae na mume, ya pili na mke, na ndoa iandikishwe komini mtu angali hai.